Distro iliyobaki bila mwenyewe: kisa cha BunsenLabs

Tarehe 6 Februari 2015 Philip Newborough aliwatangazia watumiaji wa CrunchBang kwamba anaiacha. Distro hiyo nyepesi (yaani mfumo endeshi wa Linux uliofungashwa tayari kusakinishwa) aliianzisha mwaka 2008, kwanza juu ya distro kubwa ya Ubuntu, kisha akaihamishia juu ya nyingine, Debian, na muda wote huo jina lake na jina la distro yalitajwa pamoja. Sababu aliyoitoa ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulitafakari jambo lake. Alipoanza, mwenye kompyuta dhaifu hakuwa na Linux nyingi za kuchagua. Mwaka 2015 zilikuwapo za kutosha, na kwa maoni yake watumiaji wake wangefaidika zaidi wakitumia Debian yenyewe. Angeweza kuing'ang'ania kwa mapenzi tu, lakini aliona kwamba mapenzi hayo hayamsaidii mtumiaji.

Hoja hiyo ni nzito, na sijaona aliyeijibu kwa maneno matupu akashinda. Waliojibu walijibu kwa kazi. Ukazuka mradi mmoja ulioshika jina la zamani na kuliongezea alama mbili za kujumlisha: CrunchBang++. Likazuka na kundi la pili, watumiaji wa siku nyingi wa CrunchBang waliojikusanya kwa kujitolea na kuamua kuanza na jina jipya kabisa: BunsenLabs. Toleo lao la kwanza, Hydrogen, lilitoka mwaka 2016 juu ya Debian 8. Likafuata Helium mwaka 2018 juu ya Debian 9, Lithium mwaka 2020 juu ya Debian 10, Beryllium mnamo Januari 2023 juu ya Debian 11, na Boron mwanzoni mwa mwaka 2024 juu ya Debian 12.

Matoleo matano mfululizo kutoka kwa watu wasiolipwa si jambo dogo. Distro ndogo huanzishwa kila mwaka, nyingi zikiwa na picha nzuri ya mandharinyuma na shauku ya kutosha miezi sita. Baada ya hapo mwenye ufunguo wa kutia saini vifurushi (programu zilizofungashwa) anapata kazi mpya au anachoka, na hazina ya programu inabaki pale haiguswi na mtu. Kisa cha BunsenLabs nakichambua kwa sababu naamini uhai wake umetokana kwa kiasi kikubwa na jinsi chapa yake ilivyoundwa. Ukiangalia maamuzi yao kuhusu jina, nembo na mwonekano, karibu kila moja linapunguza ama mabishano ama kazi ya mtu atakayekuja kesho.

Walichorithi

Kwanza tuiangalie skrini ya CrunchBang yenyewe. Baada ya kuingia, hukukuta kitu. Hakuna aikoni, hakuna kitufe kikubwa cha kuanzia. Ni kijivu na nyeusi tupu, paneli nyembamba ya tint2, na upande mmoja Conky ikiandika taarifa za mfumo kwa herufi ndogo. Chini ya taarifa hizo kulikuwa na orodha ya vitufe: Super (kitufe chenye nembo ya Windows) na T kufungua terminali, dirisha la kuandikia amri, Super na W kivinjari, Super na F kisimamizi cha faili, Super na E kihariri cha maandishi. Ukibofya kulia popote kwenye nafasi tupu, menyu ya Openbox inafunguka hapo hapo.

Orodha ile ya vitufe ndiyo ninayoihesabu kuwa ubunifu bora kuliko wote katika distro hiyo. Openbox ni kisimamizi cha madirisha tu. Haina eneokazi kamili kama GNOME au KDE, na anayekutana nayo mara ya kwanza hujiona ameachwa gizani. Newborough aliweka maelekezo palepale jicho linapotua, kwa fonti na rangi ileile ya mwonekano mzima, hivyo maelekezo yakawa sehemu ya sura ya distro. Mtu alijifunza bila kufungua mwongozo. Na kila aliyepiga picha ya skrini yake kuwaonyesha wenzake alikuwa anaonyesha utambulisho wa CrunchBang na namna ya kuitumia kwa pamoja.

Jambo la pili walilorithi ni hati ndogo (script, yaani amri zilizoandikwa pamoja) iliyojiendesha baada ya usakinishaji, ikimuuliza mtumiaji swali moja baada ya jingine ndani ya terminali: unataka kusasisha mfumo? Unahitaji printa? Unahitaji zana za kuandikia programu? Kwa njia hiyo diski ya usakinishaji ilibaki ndogo na kila mtu akaongeza anachokihitaji. BunsenLabs waliiendeleza kwa jina la bl-welcome.

Jina

Waliobaki walikuwa na njia mbili, na zote zina hoja. Kushika jina la zamani kunakupa wafuasi siku hiyohiyo. Anayesikia CrunchBang++ anaelewa mara moja kinachotolewa, na kwa mradi wa mtu mmoja au wawili naiona ni njia ya busara: hubadilishi kitu, hujielezi, unatoa toleo na kusonga mbele.

Kundi kubwa kidogo lina shida nyingine. Mkishika jina la mtu aliyekwisha kusema kwamba kazi yake imefika mwisho, kila badiliko mtakalolifanya litapimwa kwa yeye angelifanyaje. Mtu akitaka kubadili kihariri, kuna wa kumjibu kwamba CrunchBang haikuwa hivyo. Jina jipya linakata mjadala huo. BunsenLabs waliendeleza mtindo wa kazi bila kubeba jina, na kwa hilo walijipatia haki ya kukosea na kurekebisha kwa jina lao wenyewe.

Gharama yake ipo. Neno BunsenLabs halimwambii mgeni kwamba hiki ni mfumo endeshi, wala kwamba ni chepesi, wala kwamba kinatokana na Debian. Maelezo hayo yote yanapaswa kubebwa na sentensi ya pili kila mara jina linapotajwa. Ninaona gharama hiyo inavumilika kwa distro ambayo watumiaji wake huifikia kwa kuelekezwa na mtumiaji mwingine, lakini timu inayotaka kuwafikia watu wasioijua Linux kabisa ingepaswa kufikiri mara mbili.

Walipofanya vizuri zaidi ni kwenye majina ya matoleo. Robert Bunsen alikuwa mkemia wa Ujerumani, na jina lake limebaki kwenye kichomeo cha gesi cha maabara. Kwa hiyo matoleo yakafuata jedwali la elementi: haidrojeni, heli, lithi, berili, boroni. Wasiowahi kukaa kwenye timu ya kujitolea hawajui jinsi jina la toleo linavyoweza kula wiki nzima za mabishano. Hapa hakuna kura, hakuna mapendekezo arobaini, hakuna anayenuna kwa kuwa lake halikuchaguliwa. Linalofuata boroni lilikwisha kupangwa zamani na maumbile. Kuna na faida ambayo mtumiaji huigundua akikaa nayo: namba ya elementi ukiiongezea saba unapata namba ya Debian iliyo chini yake. Helium ni ya pili, iko juu ya Debian 9. Boron ni ya tano, iko juu ya Debian 12.

CrunchBang nayo ilikuwa na utaratibu wake mzuri: Statler juu ya Debian Squeeze, Waldorf juu ya Debian Wheezy, herufi ya kwanza ikilingana na ya jina la toleo la Debian. Lakini Statler na Waldorf ni vikaragosi vya Muppets, mali ya Disney tangu mwaka 2004. Mradi wa kujitolea hauna mwanasheria. Elementi za kemia hazina mwenyewe, na hilo peke yake linatosha kuzichagua.

Nembo ni mwali wa moto, na inatokana na jina moja kwa moja. Kipimo cha nembo ya distro si jinsi inavyopendeza kwenye bango. Ni kama inatambulika ikipunguzwa hadi pikseli 16 kwenye kona ya paneli, kwa rangi moja, juu ya kijivu. Mwali unapita mtihani huo kwa sababu ni umbo moja lililofungwa, halina herufi ndani yake. Timu nyingi huanza na nembo yenye jina zima la distro kwa fonti ya kifahari, kisha zinahangaika inapofika kwenye paneli, kwenye skrini ya kuingilia na kwenye menyu ya kuwasha kompyuta.

Mwonekano uliogawanywa kuwa vifurushi

Hapa ndipo penye somo kubwa kwa yeyote anayepanga kazi ya namna hii. BunsenLabs waligawa utambulisho wao kuwa vifurushi vya Debian, kila kimoja na kazi yake. Kuna bunsen-images kwa picha, bunsen-themes kwa mitindo ya madirisha, bunsen-configs kwa faili za mipangilio, bunsen-conky, bunsen-pipemenus kwa menyu zinazojitengeneza zenyewe zinapofunguliwa, bunsen-exit kwa kidirisha cha kuzimia kompyuta, na bunsen-utilities kwa hati ndogondogo. Juu yake kuna vifurushi vya jumla vinavyovuta vingine vyote.

Kwa mtu wa nje huo unaonekana ni utaratibu wa kiufundi tu. Kwa timu isiyolipwa ndio mgawanyo wa madaraka. Msanii anaweza kubadili mandharinyuma na kutoa toleo jipya la bunsen-images bila kugusa mstari wowote wa hati. Anayeelewa hati anarekebisha kasoro bila kumsubiri msanii. Mmoja akiondoka, kinachobaki bila mlezi ni kifurushi kimoja, na anayekishika anasoma historia yake tangu mwanzo. Linganisha na distro ambazo mwonekano wake wote umo ndani ya faili moja ya usakinishaji (ISO) iliyopikwa kwenye kompyuta ya mtu mmoja: siku mtu huyo akitoweka, hakuna ajuaye ile rangi ilitoka wapi.

Vifurushi vinaleta tatizo lake, na hili inafaa tulitazame kwa karibu kwa sababu ndilo linalozishinda timu nyingi. Mipangilio ya Openbox, tint2 na Conky huishi ndani ya folda ya nyumbani ya mtumiaji. Kifurushi cha Debian hakiruhusiwi kuigusa folda hiyo. Kanuni hiyo ni ya haki kabisa. Njia ya kawaida ni kuweka faili ndani ya /etc/skel, ambazo hunakiliwa pale akaunti mpya inapofunguliwa. Sasa fikiria umetoa toleo, watu wamelisakinisha, na baada ya miezi mitatu umegundua kosa kwenye menyu. Umerekebisha, umetoa kifurushi kipya, kila mtu amesasisha. Aliyekuwa na akaunti tayari hapati chochote, kwa kuwa nakala yake ilichukuliwa siku ya kwanza.

Ukijaribu kuweka faili mpya juu ya zake kwa nguvu, utaifuta kazi yake. Mtumiaji wa distro ya aina hii ni mtu aliyekaa usiku akipanga menyu yake mstari kwa mstari. Ukiifuta umemfukuza.

BunsenLabs waliweka mipangilio yao ndani ya /usr/share/bunsen/skel, na hati iitwayo bl-user-setup huinakili kwenda folda ya nyumbani mtumiaji anapoingia mara ya kwanza. Baadaye akitaka mwonekano mpya anaiita hati hiyo mwenyewe. Kwa hiyo chapa ya distro inamfikia mtu kama pendekezo, na uamuzi unabaki kwake. Ninaupenda sana uamuzi huu kwa sababu unaheshimu mambo mawili kwa pamoja: kanuni za Debian na jasho la mtumiaji.

Kuna faili moja ndogo zaidi ambayo kila distro ya ukoo huu lazima iifikirie: /etc/os-release. Humo mfumo hujitaja jina, na kuna mstari wa ID_LIKE unaosema unafanana na upi. Ukiuacha mfumo ujiite Debian, watu watapeleka kasoro zako kwa watu wa Debian. Ukibadili ID bila kuandika kwamba unafanana na debian, programu fulani za usakinishaji zitakataa kufanya kazi. Utambulisho si picha tu. Hata mstari huo usioonekana na mtu ni sehemu ya chapa, na ukikosewa unaharibu urafiki na mradi unaokulisha.

Uzito uko wapi

Neno "nyepesi" linahitaji uaminifu. Openbox, tint2 na Conky kwa pamoja hula kumbukumbu kidogo sana, na kompyuta ya zamani inaamka nazo bila shida. Kisha mtumiaji anafungua kivinjari na kurasa tano, na tofauti yote uliyoihangaikia inamezwa. Distro haiwezi kulitibu hilo. Inachoweza ni kutoongeza mzigo wake juu ya mzigo huo, na kutoa picha za usakinishaji zinazofaa mashine zilizopo. Hydrogen ilikuwa na picha ndogo ya kuingia kwenye CD kwa vichakataji vya zamani vya biti 32. Njia hiyo imezibwa kutoka juu: Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kerneli (kiini cha mfumo) wala kisakinishi cha i386, yaani vichakataji hivyo vya biti 32. Timu ya kujitolea iliyo juu ya Debian haiwezi kuahidi kisichoahidiwa na Debian, na heri iseme mapema.

Sasa tuje kwenye ratiba, ambako mradi huu unalaumiwa zaidi. Debian 8 ilitoka Aprili 2015, Hydrogen ikachukua takriban mwaka mzima. Debian 10 ilitoka Julai 2019, Lithium ikaja mwaka uliofuata. Debian 11 ilitoka Agosti 2021 na Beryllium ikafika Januari 2023, takriban mwaka mmoja na nusu. Kwa kuwa msaada wa kawaida wa usalama wa Debian 11 uliisha Agosti 2024, aliyesakinisha Beryllium siku ilipotoka alibakiwa na miezi kama kumi na tisa kabla ya kuingia kwenye msaada wa muda mrefu.

Huo ni ucheleweshaji, na sitauita jina jingine. Lakini angalia uliathiri nini. Mifumo ya BunsenLabs huchota vifurushi vya msingi moja kwa moja kutoka hazina za Debian. Kerneli, OpenSSL inayosimba mawasiliano, Firefox, vyote vinasasishwa na Debian siku ileile vinaposasishwa kwa watumiaji wa Debian. Hazina ya BunsenLabs ina hasa mwonekano na hati zake. Hivyo katika miezi yote ile aliyekuwa kwenye Lithium aliendelea kupata viraka vya usalama kutoka Debian, miezi ya mwisho kupitia msaada wa muda mrefu. Alichokisubiri kilikuwa mandhari mpya na menyu iliyorekebishwa. Timu ilichelewa mahali ambapo kuchelewa hakumdhuru mtu. Distro ndogo inayojenga upya kila kifurushi kwa mikono yake haina anasa hiyo. Wiki mbili za mlezi kuugua zinatosha kuacha kivinjari chenye tundu.

Huu ndio uamuzi ninaouweka juu ya mingine yote katika kisa hiki, na pia ndio jibu la kweli kwa hoja ya Newborough. Alisema watumiaji waende Debian. BunsenLabs waliwapeleka Debian, kisha wakawawekea juu yake kile tu ambacho Debian haitoi: meza iliyokwisha kupangwa.

Kilicho mbele

Openbox toleo la 3.6.1 ni la mwaka 2015, na hakuna lililofuata. Linafanya kazi vizuri hadi leo, ila linategemea X11, mfumo wa zamani wa kuchora madirisha kwenye skrini, wakati miradi mikubwa inahamia kwa mrithi wake, Wayland. BunsenLabs wamewahi kuvuka kijito cha aina hii: Compton, iliyotoa vivuli na uwazi wa madirisha, ilipokosa mlezi, nafasi yake ilichukuliwa na picom, na mtumiaji wa kawaida hakuhisi kitu. Openbox haitakuwa rahisi hivyo, kwa sababu yenyewe ndiyo sura. tint2 nayo ni ya X11.

Mrithi anayetajwa zaidi ni labwc, iliyoundwa kwa kuiga Openbox na inayoweza kusoma mitindo yake ya madirisha. Raspberry Pi OS, mfumo endeshi wa kompyuta ndogo za Raspberry Pi, ilihamia labwc mwishoni mwa mwaka 2024, kwa hiyo si jaribio la pembeni tena. Timu ikifika hapo italazimika kuamua ni kipi hasa kilichokuwa BunsenLabs. Kwa maoni yangu paneli inaweza kubadilishwa, hata kijivu kinaweza kupunguzwa, na kwa macho ya wengi kingefaa kupunguzwa. Maandishi hafifu juu ya giza yanawaumiza watumiaji wenye skrini za zamani, na hao ndio walengwa. Ambavyo nisingevigusa ni menyu inayofunguka popote unapobofya kulia na orodha ya vitufe iliyoandikwa wazi kwenye eneokazi. Kama ningekuwa na nafasi ya kuchagua kazi ya kwanza ya uhamisho huo, ningeanza na orodha hiyo: kuhakikisha Super na T bado inafungua terminali, na kwamba mgeni anaweza kuisoma kabla hajagusa kitu kingine.